Ufizi Ulipomeza Jino la Papa Chantal

Nawaonea wivu, vijana. Nalisema mwanzoni ili asije mtu akanishika baadaye kwamba nilificha. Juzi nilipita kwenye kabine yenu mpya ya meno pale barabara ya Lumumba, nikamkuta binti mmoja anapiga picha ya jino. Picha ikatokea kwenye kioo hapohapo, mzizi wote unaonekana, mfupa wote unaonekana, na binti mwenyewe anatafuna chingamu kana kwamba si kitu. Nilitamani kumpiga kofi. Sisi mfupa tuliutafuta kwa ncha ya sonda, kile kijiti cha chuma cha kupimia, ndani ya ufizi usiouona, tukisikiliza kwa vidole.

Mmeniomba niwaeleze kazi ya kurefusha jino kwa kupasua ufizi, kwa sababu mmesikia kwamba tuliifanya hapa Bunia wakati wa vita, siku ambazo watu waliamini kazi ya meno ni kung'oa tu. Nitawaeleza. Ila mniache niongee nipendavyo, na mvumilie jina la Espérance, kwa kuwa siwezi kuieleza kazi hii bila kumtaja. Nimejaribu, haiwezekani.

Jino likivunjika juu, kazi yenu ni nyepesi. Mnalichonga, mnalivika kofia, mgonjwa anaenda kula. Shida ni lile lililovunjikia chini, sawasawa na ufizi au ndani yake. Hapo kofia haina pa kushika. Wengi wakiona hivyo wanachukua davie, ile koleo yetu, wanang'oa, na kumbe mzizi mzima uko palepale, mzuri, umekaa ndani ya mfupa bila kosa lolote. Kinachotakiwa ni kuusogeza ufizi nyuma, na mfupa kidogo ulio chini yake, ili jino litokeze. Lenyewe halirefuki hata kidogo. Linapewa nafasi tu.

Na hapa ndipo mtakapokosea, kwa hiyo acheni kunong'ona huko nyuma. Mtu anakata ufizi peke yake. Anatazama, jino limetoka, refu, zuri, mgonjwa anamshukuru. Baada ya majuma kadhaa ufizi unarudi. Ufizi hupenda kukaa umbali wake uleule kutoka kwenye mfupa, karibu milimita tatu, na usipousogeza mfupa utarudi ulipokuwa na kulimeza jino. Ukiwa umeshaweka kofia ni balaa zaidi, maana utavimba na kutoa damu kila akipiga mswaki. Ukikata ufizi bila kuuliza mfupa, umempotezea mtu damu yake bure.

Aliyetufundisha haya alikuwa daktari wa meno kutoka Kisangani. Tulimwita Dokta tu, hapakuwa na mwingine. Alitufanyisha mazoezi kwenye vichwa vya nguruwe alivyoagiza sokoni. Tunafunua ufizi, tunachonga mfupa kwa patasi ndogo, tunashona, kisha vichwa vinafukiwa nyuma ya jengo. Siku moja harufu ya nyama ilitujia dirishani. Kumbe mlinzi alikuwa amefukua kimoja na kukichemsha, na alikuja kutulalamikia.

"Nguruwe ya wanganga iko na nyuzi mu meno," alisema. "Lakini nyama iko muzuri."

Kile alichokula kilikuwa changu. Nilikuwa nimeshona vizuri sana, ndiyo maana nyuzi zilimshinda. Lakini Dokta akitaka kutoa mfano hakuonyesha kichwa changu. Alisema, "Muangalie mikono ya Espérance."

Espérance alikuja kazini baada yangu. Mimi ndiye niliyemwonyesha pamba zinawekwa wapi! Alikuwa mtoto wa Mahagi, kwao wavuvi na watu wa misa, ana vidole virefu na sauti ya kumlaza mtoto. Mimi ni wa Saio, hapahapa Bunia, vidole vyangu vifupi, na sauti yangu mnaisikia. Wagonjwa waliingia, wakaniona nimesimama pale na koti langu safi, wakauliza, "Ule munganga mwengine iko?" Niliwajibu, "Iko," na moyo ukaniuma kama jino bovu.

Kwa kung'oa hakuna aliyenishinda. Alikuja mkata mbao mmoja kutoka Mambasa, shingo nene, anatetemeka, nikamtoa gego kabla hajamaliza kuniambia linamuuma upande gani. Bahati nzuri lilikuwa ndilo. Lakini nani atasimama sokoni kukusifu kwa kumwachia shimo? Espérance alimwachia mtu jino, na mtu huyo alikwenda kucheka mbele za watu, na kila alipocheka alikuwa anamtangaza.

Vita ilipoingia mjini, Dokta alipata nafasi kwenye ndege. Asubuhi ya kuondoka alituita wote wawili. Mimi alinipa funguo za mlango. Espérance alimpa kisanduku cha patasi za mfupa, zile alizozinoa mwenyewe na kuzifunga kwa kitambaa safi.

"Jacqueline, weye uko na nguvu," aliniambia. "Utachunga nyumba."

Nguvu! Kama mbwa wa geti. Nimezeeka, nina wajukuu, na nikiukumbuka mkono wake ukienda na kile kisanduku upande wa Espérance, chakula hakinishuki.

Tulibaki hivyo, yeye na patasi, mimi na mlango. Umeme ulikatika ukasahaulika. Tulifanya kazi asubuhi, kiti kikiwa kinatazama dirisha, na mmoja wetu ameshika tochi. Vyombo tulichemsha kwa makaa. Maji ya chumvi tulichemsha wenyewe, tukayapoza, na wakati wa kuchonga mfupa yalidondoka polepole kutoka kwenye sindano kubwa, kwa sababu mfupa ukipata moto unakufa. Ninyi mashine yenu inamwaga maji yenyewe. Mkisahau kuyafungulia bado mtauunguza, na mashine haitawaambia.

Sasa nakuja kwa mume wangu, Papa Chantal. Chantal ni binti yetu wa kwanza, ndiyo maana tunaitana hivyo, yeye Papa Chantal na mimi Mama Chantal. Alikuwa mwalimu, lakini mji ulimjua kwa tarumbeta aliyoipiga kwenye fanfari, ile bendi ya kanisa. Miaka ile tulizika watu wengi, nanyi mliokuwa watoto mnakumbuka. Pesa za jeneza zilikosekana, sanda ilikosekana, lakini Papa Chantal alikuja na tarumbeta yake akasimama kando ya kaburi, na wafiwa wakaona kwamba mtu wao amesindikizwa.

Siku moja kwenye kizuizi cha barabarani kijana mwenye bunduki alimtaka afungue mfuko wa tarumbeta. Alichelewa kuelewa. Kijana alimpiga kitako cha bunduki mdomoni. Alirudi nyumbani kwa miguu, shati lote damu, tarumbeta ameikumbatia. Jino la mbele la juu lilikuwa limevunjikia ndani ya ufizi. Bila jino lile mdomo wa juu hauna pa kuegemea, pumzi inavuja, na tarumbeta inatoa upepo tu. La bandia la kuvaa na kuvua lingecheza kila akibana midomo. Ama mzizi ule uokolewe, ama tarumbeta inaning'inizwa ukutani.

Nilimpeleka kabine, nikamkalisha.

"Fungua kinywa, Papa Chantal."

"Uko na nini mu mukono?"

"Davie. Niko naangalia tu."

Akafunga kinywa kikavimba hivi. "Weka ile kitu. Uniitie Espérance."

"Mimi ni bibi yako!"

"Njo maana nakujua. Weye unangoa. Yeye anachunga."

Hebu nawe, binti wa chingamu, kama uko hapa, siku moja mume wako akuambie hivyo kazini kwako, kisha uniletee habari. Nilikwenda kumwita Espérance, maana ningefanya nini?

Mshipa wa jino tuliutoa kwanza, tukasafisha mzizi na kuuziba, tukangoja uvimbe wa mdomo ushuke. Usipasue ufizi uliokasirika, utachanika mikononi mwako. Siku ya upasuaji Espérance alikata, nami nilishika taa na kudondosha maji. Alifunua ufizi taratibu, mfupa ukaonekana, akaanza kuchonga kidogo kidogo. Nakiri alikuwa mzuri kumtazama, na hilo ndilo lililoniudhi.

Katikati ya kazi risasi zililia upande wa mtaa wangu, karibu. Mimi, mke halali, nilijikuta chini ya kabati kabla sijafikiri. Nilipochungulia nikamwona Espérance amesimama palepale, amemwinamia mume wangu, amemfunika kichwa kwa kifua chake, anamwambia, "Usiogope, papa, niko hapa." Na mume wangu amefumba macho kama mtoto anyonyeshwaye! Nilisahau risasi. Nilitoka chini ya kabati kwa hasira.

Kulipotulia alichukua sonda, akapima, akachukua sindano ya kushonea. Nami niliona. Taa ilikuwa mkononi mwangu, na sonda ilikuwa imezama kidogo mno kabla ya kugonga mfupa.

"Bado, Espérance," nikamwambia. "Mufupa iko karibu."

"Yaya," akasema, maana aliniita hivyo, dada mkubwa, "hii ni jino ya mbele. Nikikata mingi, itaonekana ndefu kupita ingine. Atacheka na jino ya punda?"

"Afazali ya punda kuliko kukosa."

"Inatosha, yaya."

Papa Chantal akainua mkono kutoka pale kitini. Mdomo ulikuwa umekufa ganzi, lakini neno alilitoa. "Mama Chantal. Ile wivu yako uache."

Sikilizeni hapa, kwa maana haya hamtayapata kwenye masomo yenu. Espérance hakusema upuuzi. Jino la mbele ukilivua sana linaharibu uso, na nafasi ya kukosea ni ndogo. Mimi nami sikusema upuuzi, sonda nilikuwa nimeiona. Lakini pia nilitaka akosee. Nilitaka sana, mbele ya mume wangu. Vyote viwili vilikuwa ndani yangu kwa pamoja, na mtu mwenye wivu akiona kitu cha kweli, hata yeye hajui kama anakiona ama anakitamani. Nikamshikia taa, akashona.

Nyumbani wageni walipokuja kutupa pole Papa Chantal alifungua mdomo kuwaonyesha. "Espérance," anasema. Mama yake alikuja kutoka Djugu, akaonyeshwa. "Espérance." Kila asubuhi alisukutua maji ya chumvi mlangoni, nami nilijifanya nafagia uani ili nimchungulie. Majuma machache, nikaona ufizi umeanza kutambaa. Kwanza pembeni. Kisha katikati. Kisha jino likabaki ukucha mdogo tu unaochungulia.

Nilifurahi. Niwadanganye? Nilifagia uwanja wote siku ile nikiimba.

Furaha hiyo iliisha mchana. Walikuja watu wa fanfari, mwenzao mmoja amefiwa na mkewe, wanamwomba angalau ajaribu kupiga. Akaweka tarumbeta mdomoni mbele yao. Ilitoka pumzi, na damu kidogo ya ufizi. Wale wakatazama chini, wakaaga kwa heshima. Yeye aliingia chumbani, akakaa kitandani na tarumbeta juu ya magoti, akaifuta, akaifuta tena.

Nilivaa viatu, nikamfuata Espérance kabine. Nilikuwa nimejiandalia maneno yangu yote njiani, makali, yaliyopangwa. Nilipoingia aliniangalia tu akajua.

"Fizi imerudi," akasema.

"Imerudi. Nilikuambia."

"Uliniambia." Akakaa. "Yaya, ile mufupa ya mbele mimi naiogopa. Hata kwa nguruwe niliogopa. Nikifika pale mukono inakataa."

"Na juu ya nini haukumwambia docteur?"

"Docteur hakuniuliza. Alikuwa anasema tu mikono yangu iko muzuri."

Yale maneno makali niliyaacha, nikakaa kando yake. Nilikuwa nimemwonea mtu wivu miaka yote hiyo kwa upole wake, na nusu ya upole ule ilikuwa woga. Msidhani wivu uliisha. Ulihama tu, ukawa wa kumwona analia vizuri, bila kuvimba macho.

Kisha akafungua kabati, akatoa kisanduku cha patasi, akakisukuma mbele yangu. "Kata weye."

"Hatakubali. Akiona ni mimi atafunga kinywa mpaka Yesu arudi."

"Hataona. Tutamufunika." Alikuwa na maana ya kile kitambaa cha upasuaji chenye tundu la mdomo, kinachofunika uso wote. "Atasikia sauti yangu. Weye usiseme kitu."

Usiseme kitu. Alilisema kwa urahisi namna hiyo. Mimi ninyamaze, na kazi yangu iitwe yake. Nilitaka kukataa, kweli kabisa. Lakini mzizi ule usingevumilia kupasuliwa mara ya tatu. Tukikosea tena ilibaki davie peke yake, na tarumbeta ukutani. Nikamfikiria jinsi alivyokuwa anaifuta. Nikachukua kisanduku.

Ninyi leo mtaniambia mgonjwa lazima ajue nani anamkata. Mna haki. Msifanye kama sisi.

Papa Chantal alikaa kitini, akasema mimi nishike taa na nisitie maneno. Espérance akachoma sindano ya ganzi, akamfunika, akainama sikioni kwake. Mlinzi tulimpa taa. Mimi nikakata. Nilipofunua, nikaona mfupa mahali nilipojua ungekuwepo, karibu mno na ukingo wa jino. Patasi ilikuwa nyepesi kuliko nilivyowaza. Sikusukuma kwa nguvu za bega. Mfupa unaondolewa kwa vikwanguo vidogo, unapima, unakwangua, unapima. Espérance alikuwa anasema, "Sasa nafungua, papa. Sasa nasafisha kidogo. Haiumi, si ndiyo?" Na yeye anaguna kwa raha. Mkono wake ukatafuta mkono wa kushika, ukampata Espérance. Nikaendelea kukwangua.

Wakati wa kuweka mpindo wa ufizi juu ya jino, Espérance alinyoosha kidole akanichorea hewani namna ufizi unavyotakiwa kupanda na kushuka kulinganisha na majirani, kwani jicho lake kwa uzuri lilinishinda, na bado linanishinda. Nikapunguza mfupa kidogo pale aliponionyesha. Nikapima kuzunguka jino lote mpaka nikaridhika. Nikashona, na sikutoa hata kikohozi.

Tulingoja muda mrefu, maana ufizi wa mbele hauaminiki haraka. Miezi ilipita, ukakaa ulipoambiwa. Fundi wa meno akatengeneza kofia ya plastiki ngumu yenye msumari mdogo wa ndani, nikaibandika mimi mwenyewe mchana kweupe, hiyo mume wangu aliniruhusu. Juma lile alipiga tarumbeta kwenye maziko ya mzee mmoja wa kwaya. Sauti ilitoka nzima, haikuvuja hata kidogo, na wanawake waliokuwa wamechoka kulia walilia upya. Nami nililia. Walipomzunguka kuuliza nani alimtengeneza, alijibu lile jina mnalolijua.

Amelijibu miaka yote. Harusini, njiani, kwa padri, kwa wajukuu. Mimi namsikiliza nikipakua chakula.

Espérance alirudi kwao Mahagi vita ilipopoa. Chantal alipoolewa, alikuja, nywele zimeanza mvi, vidole vilevile virefu. Papa Chantal alisimama mbele ya meza ya wakwe, akamshika mkono, akafungua kinywa wote waone. "Munganga wangu njo huyu!"

Espérance hakuvumilia. Alisimama naye. "Papa Chantal, ngojea. Ile jino si mimi nilikata. Ni yaya. Mimi nilikuwa nasema tu mu masikio yako."

Mimi nilikuwa na bakuli la sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, mkononi, nikaliweka chini, nikanyoosha kitenge changu. Mume wangu akamtazama Espérance, akanitazama mimi, akamtazama tena Espérance, na macho yakamjaa machozi.

"Munaona roho ya huyu mama?" akawaambia wakwe. "Hata sifa yake, anaipatia bibi yangu."

Ukumbi mzima ukampigia Espérance makofi. Nami nilipiga, jamani, wote walikuwa wananitazama. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye kinywa cha mume wangu kilichokuwa wazi kwa kicheko, kwenye ufizi ule, umetulia palepale nilipouacha, haujasogea hata unywele.